Yaliyobaki Tutazungumza Tukionana

4 Februari

Mpwa wangu Chura,

Barua yako ilitufika salama, na shikamoo zako mbili tuligawana: marahaba yangu, na marahaba ya mkazamjomba wako. Huku hatujambo. Paa la jikoni limezibwa hatimaye, baada ya fundi kutuambia "kesho" mpaka neno lenyewe likachakaa. Masikio yangu yako vilevile. Mitambo ya kuchapa iliyala miaka yote ile, na simu kwangu ni mdudu anayelia ndani ya kopo. Kwa hiyo usichoke kuniandikia. Umeandika "kwasababu" kama neno moja. Ni maneno mawili. Nilikulea mwenyewe, na najua nilikufundisha.

Bibi yako alituwekea sheria kwamba karatasi ibebe habari njema tu, na habari mbaya ije kwa miguu yake, isemwe uso kwa uso. Nashukuru kwamba leo sheria hiyo hainipi taabu.

Sasa jambo lenyewe. Mkazamjomba wako anataka kuja huko kuyaona matumbawe. Unaikumbuka ile kalenda tuliyoichapa kiwandani, yenye picha ya chini ya bahari katika ukurasa wa Agosti? Aliukata ukurasa ule akaubandika juu ya cherehani yake, na tangu siku hiyo tunabishana. Mimi nasema zambarau ile haipo duniani. Nilikuwapo ilipochapwa, na mchapaji wetu alikuwa mtu wa kumimina wino kama mchuzi. Yeye anasema wino haubuni kitu, kwamba rangi ile ina mahali ilipotoka. Tumezeeka na ubishi huo. Sasa amesema amechoka kubishana na karatasi, anataka kwenda kutazama mwenyewe, nami nimekubali.

Wewe ndiye mwongozaji wa wageni wanaoelea kifudifudi wakitazama chini. Sisi maji hayajawahi kutupita magoti. Basi tuambie kama unavyomwambia mgeni asiyejua kitu: tuje mwezi gani, tuvae nini, na asiyejua kuogelea hufanyaje? Ningependa iwe mapema. Sisi si vijana.

Yaliyobaki tutazungumza tukionana.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba wangu, shikamoo. Na Mkaza naye, shikamoo yake umpe mkononi, usimmezee.

Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha jipya, na mwenye nyumba bado anahema kila anapolitazama, kana kwamba alilitoa ubavuni mwake. Kwa sababu (umeona?) ya barua yako nilicheka mpaka Kipara, nahodha wetu, akauliza kama nimeposwa. Nikamwambia, "Mjomba wangu anataka kuvaa mapezi." Akasema, "Yule anayesahihisha barua? Mwambie samaki wetu hawajui nukta wala mkato."

Haya, kaeni kwenye benchi niwaambie kama ninavyowaambia wageni wa mara ya kwanza kabla boti haijaondoka. Asiyejua kuogelea asiogope. Atavaa jaketi la kuelea, na nitakuwa na boya la duara. Mkono mmoja atashika boya, wa pili nitaushika mimi. Miwani hufunika macho na pua. Mdomoni anauma mrija ambao ncha yake hutokeza juu ya maji. Kazi yake ni moja tu, kulaza uso na kupumua polepole kwa mdomo. Wengi hushindwa hapo, maana pua imezoea kazi yake, na ikinyimwa hutaharuki. Nawatumia miwani mbili na mirija miwili katika kifurushi. Jazeni beseni maji, mliweke mezani, mlaze uso humo kila siku mpaka mzoee. Jambo moja la kuangalia: usicheke ndani ya miwani. Mashavu yakipanda, maji huingia.

Kuhusu mwezi, subirini mvua zipite. Mito ikileta tope, bahari huwa kama chai. Julai maji hutulia, na ndipo ningependa mje.

Kuhusu zambarau, mimi mtoto, siingilii ugomvi wa wakubwa.

Yaliyobaki tutazungumza tukionana.

Chura wenu


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika, na hakuna kilichovunjika. Beseni lipo juu ya meza ya kulia. Mara ya kwanza nilivuta hewa kwa pua, nikakohoa hata jirani yetu, mwalimu wa chekechea, akaja kubisha hodi. Alimkuta mkazamjomba wako ameinamia beseni, mrija umesimama kisogoni, akaniuliza, "Huyu anaadhibiwa kwa kosa gani?" Basi mkazamjomba wako alicheka humo humo ndani, na tukafuta sakafu nzima.

Lakini amenishinda. Mimi hudumu kidogo nikainuka. Yeye hukaa humo muda mrefu, mikono yake imeshika ukingo wa meza, na akitoka husema kwamba humo ndani ni kimya na kwamba mtu husahau mwili wake.

Nina maswali machache. Je, haiwezekani Aprili, hata kama maji ni ya chai? Je, boti ina kivuli, na ina mahali ambapo mtu anaweza kujinyoosha? Kutoka kituoni hadi botini kuna mwendo mrefu? Na mtu aliyepungua mwili, jaketi humkaa, au humtoka mabegani? Nauliza kwa jumla tu.

Yaliyobaki tutazungumza tukionana.

Mjomba wako

Chura, huyu ameniachia nafasi ya kidole kimoja chini ya karatasi. Marahaba, mwanangu. Usimsikilize. Nijibu mimi kitu kimoja: zile rangi zipo? Ile zambarau inayoelekea wekundu pembeni, kama kitambaa kilichofuliwa pamoja na chekundu. Nimenunua nyuzi kila duka, hakuna hata mmoja unaoifikia. Nijibu mimi, si yeye.


30 Aprili

Mjomba, shikamoo. Mkaza, shikamoo.

Nisameheni kwa kuchelewa. Boti ilipandishwa nchi kavu kupakwa rangi, na Kipara alitugeuza sote kuwa mafundi. Nywele zangu zina rangi ya buluu mpaka leo. Aprili yenyewe ndiyo hii inakwisha.

Mjomba, majibu yako: Kivuli kipo, tumefunga turubai. Benchi la nyuma ni refu, mtu anaweza kulala kabisa. Kutoka kituoni nitawapokea na mkokoteni wa mizigo, na yeyote atakayechoka nitamsukuma, hata wewe. Majaketi yapo ya kila kimo, mpaka ya watoto.

Mkaza wangu, huku kuna samaki wa manjano wenye mistari myeusi ambao hawaogopi mtu kabisa. Humjia mgeni usoni kama watoto wanaochungulia dirishani. Kuna kobe mmoja mzee ambaye hupita taratibu kama mtu anayetoka kazini. Utawapenda.

Lakini naona safari iwe Agosti, si Julai. Wageni hupelekwa mahali pa karibu, ambapo kila boti hufika. Ninyi si wageni hao. Natafuta mahali pazuri zaidi, na kutafuta kunataka muda.

Yaliyobaki tutazungumza tukionana.

Chura


21 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkazamjomba wako anaitikia pia. Barua yako aliisoma mwenyewe, mara mbili, akairudisha ndani ya bahasha.

Sikusahihishi safari hii. Sina wino mwekundu.

Cherehani tumeifunika kwa sasa, isipate vumbi. Beseni tumelihamishia chumbani, karibu na kitanda. Huko kuna ubaridi zaidi.

Agosti ni mbali. Kama Julai inawezekana, hata siku yake ya kwanza, nijibu kwa kifupi.

Yaliyobaki tutazungumza tukionana.

Mjomba wako


10 Juni

Mjomba, Mkaza, shikamoo zenu.

Nimekusoma, Mjomba, na ningependa kukutii, lakini nivumilieni kidogo tu. Kila siku yangu ya mapumziko natoka na Kipara kwenda mbali zaidi. Ananung'unika kuhusu mafuta, kisha anawasha injini. Anasema, "Shangazi gani huyo anayetafutiwa bahari nzima?" Nikamwambia si shangazi, ni mkazamjomba, na ndiye aliyenishonea sare zangu zote za shule. Akaongeza mwendo.

Nitawaandikia tarehe mara nitakapopata mahali penyewe.

Yaliyobaki tutazungumza tukionana.

Chura


30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba ni yangu peke yangu. Kaa chini kabla ya kuendelea kusoma.

Ninavunja sheria ya mama yangu, kwa kuwa miguu yangu haiwezi kufika kwako upesi, na sitaki ulisikie jambo hili kwa mtu wa kando. Mkazamjomba wako alifariki juzi asubuhi. Tulimzika jana. Jirani alikupigia simu juzi siku nzima, haikupatikana, na ndugu za marehemu walikuwa wameshafika. Sikuweza kuwaomba wangoje.

Alikuwa anaumwa tangu mwanzoni mwa mwaka. Uvimbe ulikuwa tumboni, na daktari hakutuficha. Ndipo aliposema kwamba anataka kuyaona matumbawe. Nilikusudia tukija huko nikuketishe nikwambie, kama tulivyofundishwa. Sikuwa nikikuficha. Nilikuwa nikingoja kukuona uso wako.

Hakuumia sana mwishoni. Hayo nayaandika kwa sababu ni kweli.

Mjomba wako


3 Julai

Mjomba na Mkaza, shikamoo nyingi leo, hazihesabiki.

Nimepata mahali. Wekeni alama tarehe kumi na mbili Agosti. Ni mbali, nyuma ya mwamba wa pili, ambako boti za wageni haziendi na simu hazifiki. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

Mkaza, nakujibu sasa. Zambarau ipo. Inaelekea wekundu pembeni, kama ulivyosema, na katikati yake ina weusi ambao kalenda haikuuonyesha. Niliiona wiki iliyopita, Jumamosi, kwa macho yangu. Nikacheka ndani ya miwani mpaka ikanijaa maji, mimi ninayewakataza watu kila siku.

Mjomba, anza kuandaa maneno ya kuomba radhi. Mwenzako amekushinda.

Chura


17 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua zetu zilipishana njiani. Yako ilinifikia nikiwa bado nawaza ninyi mnaisoma yangu na mnacheka.

Jumamosi ile jirani alipopiga simu, nilikuwa nyuma ya mwamba wa pili. Nimejaribu kuipanga siku hiyo kwa namna nyingine na haipangiki. Ninyi mlikuwa mnamlilia, nami nikiwa majini nacheka.

Nami nilificha. Mwaka jana maji yalipata joto kupita kawaida, likakaa wiki nyingi. Matumbawe yakapauka. Pale tunapowapeleka wageni pote ni peupe, kama mifupa iliyotupwa, na mengine yameshaota ukungu wa kijani. Tunaendelea kuwapeleka. Mtu asiyewahi kuyaona huinua uso akasema, "Pazuri mno," kwa sababu hajui palikuwaje. Mkaza asingedanganyika. Alikuwa na picha.

Sikuweza kuandika kwamba yamekufa. Nilisema nitamwambia akifika, au kabla hajafika nipate hata kipande kimoja kilichobaki hai. Nikawa nasogeza miezi. Tope la mvua lilikuwa kweli, na rangi ya boti ilikuwa kweli, lakini zote nilizitumia kama pazia.

Kama ningeandika mstari mmoja tu, angesema, si neno, nakuja kukuona wewe. Kama ungeandika mstari mmoja tu, ningekuja usiku huo huo. Sote tulifunga barua kwa maneno yale yale, na kwa kuwa nyumbani kwetu kila barua hufungwa hivyo, hakuna aliyeyasikia.

Nakuja mwisho wa mwezi. Usinizuie.

Chura


24 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Nakuzuia. Kaburi halihami, utakuja kulitazama mwishoni mwa mwaka, ukiwa na nafasi ya kukaa. Sasa mimi ndiye nitakayekuja, tarehe uliyoipanga. Tiketi nimeshakata.

Acha kujilaumu, kwa maana hukumdanganya. Baada ya barua yako ya Aprili zilipita siku mbili, kisha akaniambia, "Nilimuuliza rangi, amenijibu samaki. Kuna kitu kimeharibika huko." Nikamwambia nitakuuliza. Akasema, "Mwache mtoto. Na wewe si unamficha? Fichaneni, nyumba yenu ndiyo iliyowalea hivyo. Mimi nimeolewa tu humu." Halafu akaomba beseni lake.

Kwa hiyo alijua yako, na alijua yangu, na alituacha tuendelee. Sijui kama alifanya vizuri. Sijamlaumu.

Barua yako ya tarehe tatu niliisoma peke yangu, kwa sauti.

Nipokee kituoni. Mkokoteni hauhitajiki. Nifundishe kama unavyomfundisha mgeni yeyote, wala usinihurumie.

Mjomba wako


29 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Natumai ulifika salama na kwamba jirani alikufungulia nyumba, akaingiza hewa. Mimi niko kazini kama kawaida. Kipara anakusalimu. Anasema tangu umkosoe maneno yaliyoandikwa ubavuni mwa boti, abiria wanayasoma kwa sauti, na hajui kama ni sifa au ni dhihaka.

Nina jambo ambalo nilishindwa kukuuliza ulipokuwa hapa, ukiwa umekaa mbele yangu na kikombe chako. Naona safari hii barua ndiyo itakayoweza.

Ulifanya kila kitu vizuri. Ulivaa jaketi bila kulalamika. Uliteremka ngazi ukiwa umegeuka nyuma, kama nilivyokuelekeza, ukashika boya. Uliuma mrija, ukapumua, hukutaharuki. Nikakuambia kwa ishara, laza uso. Ukatoa mrija mdomoni, ukasema, "Tangulia wewe. Tazama kama ipo."

Nikatazama. Nikainuka, nikakupigia kelele sikioni, "Ipo, Mjomba."

"Tazama tena."

Nikatazama tena.

"Ikoje?"

"Kama alivyosema. Na pembeni ni nyekundu."

Ulikaa pale mawimbi yakikupandisha na kukushusha, miwani usoni, uso mkavu. Ilikuwa chini yako, Mjomba. Ungeinamisha shingo tu ungeiona. Kisha ukasema, "Basi. Nirudishe," na njiani ukamuuliza Kipara habari za injini.

Kipara aliniambia, "Wageni wengine hulipa wakaishia kutapika. Huyu ameishia kuelea, ana nafuu." Alitaka nicheke.

Nimekaa nikiwaza. Je, ilikuwa adhabu? Ulitaka nione peke yangu kwa kuwa ndiye niliyemchelewesha? Kama ndivyo, niandikie hivyo hivyo. Nitaipokea.

Chura


16 Septemba

Mpwa wangu Chura,

Marahaba. Nilifika salama. Nyumba ilikuwa na harufu ya kufungwa, lakini jirani alinipikia siku mbili, kisha nikamkataza. Nimerudia kutembea asubuhi mpaka kiwandani na kurudi. Vijana wa pale bado wananiita mkaguzi, ingawa hakuna ninachokagua.

Umeniuliza, nami nakujibu. Haikuwa adhabu. Nilikuja kwa nia ya kutazama. Nilikuwa nimejifunza kupumua, na sikuwa na hofu ya maji.

Nilipokuwa nimeshika lile boya, na wewe ukainuka ukasema ipo, niliona jambo ambalo sikuliona nikiwa nyumbani. Nikiinamisha uso mara moja, ubishi umekwisha. Yeye ndiye mshindi. Na mimi nitapanda boti, na basi, na ngazi za nyumba yangu, nirudi kwa mwanamke aliyenishinda, ambaye hayupo kunicheka.

Vitu vyake vyote vimefika mwisho, Chura. Dawa zimerudishwa. Nguo ndugu zake wamegawana. Gauni la mteja wa mwisho lilikuwa halina mikono. Mwenyewe alikuja akalichukua hivyo hivyo. Mimi na mkazamjomba wako tulibakiwa na kitu kimoja tu ambacho hakijaisha, na ulitaka nikimalize pale, mbele ya nahodha, kabla ya chakula cha mchana. Sikuweza.

Wewe umeona, nami nakuamini. Lakini usinitumie picha, na usinieleze zaidi ya hapo.

Asubuhi, nikishafungua dirisha, bado ninamwambia kwamba ule ni wino tu, kwamba nilikuwapo, na kwamba mchapaji yule alikuwa hana mkono wa kipimo. Halafu ninanyamaza kidogo kabla ya kuweka maji ya chai, kwa sababu hapo ndipo anapojibu.

Mjomba wako